Fyuzi Iliyobaki Mfukoni

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho, maana hili sijamwambia mtu, hata mke wangu hajui, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na wenzangu gereji wananiita Mawazo kwa sababu naweza kushika spana nikasahau nilitaka kufungua nini, nikabaki natazama vumbi linavyoelea kwenye mwanga wa dirishani, wao wakacheka wee mpaka wakachoka. Baba mkwe wangu, mwalimu wa kuchora aliyestaafu, hakunitaka tangu mwanzo, alimwambia binti yake mbele yangu, "Huyu yupo hapa lakini hayupo," na kwa miaka sita salamu zetu zilikuwa za juu juu tu, hadi siku aliyokuja mwenyewe gereji na gari lake kuukuu la rangi ya maziwa, analalamika kwamba kila baada ya miezi michache betri inakufa, nikafungua boneti nikaona betri imebanana na ekzosi, inapikwa, nikamwambia, "Baba, tuihamishie kwenye buti, huko nyuma kuna ubaridi, itadumu." Akanikabidhi funguo, akasema, "Haya, mkwe, nakuachia." Mshauri, hakuwahi kuniita mkwe.

Kazi ile niliifanya kama niko usingizini, tena usingizi mtamu. Nilitoa viti, nikakunja kapeti, nikalaza waya mnene mwekundu kutoka kwenye buti mpaka mbele, betri nikaifunga mkanda ndani ya sanduku lake pamoja na mpira mwembamba wa kutolea gesi nje, jua la alasiri linaingia kwa kioo cha nyuma na mimi nimelala chali humo ndani najiona nina gereji yangu mwenyewe, baba mkwe amenichorea kibao, ameketi mlangoni anawaambia wateja huyu ni mwanangu. Ile fyuzi kubwa ya kukaa karibu na betri, ambayo huungua yenyewe ili gari lisiungue, niliitia kwanza kwenye mfuko wa shati, nikaunga waya moja kwa moja nijaribu tu, gari likawaka papo hapo, na baba mkwe, kumbe alishafika zamani amesimama nyuma yangu, akapiga makofi, akanikumbatia, akaingia akaondoka nalo, nami nikabaki nampungia mkono, miguu siisikii chini.

Kesho yake mke wangu alikuwa anafua, akatoa kitu kwenye shati langu. "Mume wangu, hiki si chako?" Nikamwambia ni kichuma tu.

Hii ni wiki ya tatu. Kila nikijilaza baada ya chakula cha mchana ndoto ni ile ile, niko kiti cha nyuma, pekupeku, kapeti ni vuguvugu kama maji ya kuoga, halafu linazidi joto, mzee anaendesha huku anaimba kwa sauti ya chini, namwita lakini sauti haitoki. Binti yetu wa miaka saba, ambaye babu yake humchukua shuleni, nimemkataza kupanda gari, nakwenda kumchukua kwa miguu, nasema ni mazoezi, naye amenuna, ananiuliza, "Baba, babu amekukosea nini?" Mara mbili nimekwenda kwa mzee nimwambie ukweli, na mara ya pili akanitolea karatasi kubwa, Mshauri, ameanza kukichora kibao! Kibao cha gereji yangu, ambacho sijamtajia mtu yeyote. Nikakisifu, nikaaga. Nimwambieje nisimpoteze? Au niibe funguo niiweke fyuzi kimyakimya?

Mimi, Mawazo

JIBU

Mawazo, pole. Pole ni hiyo moja, usingoje nyingine.

Barua yako nimeipitisha mbele ya zote, kwa sababu waya ule ukichubuka popote ukagusa bati la gari, hakuna cha kuzuia moto, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana umemtoa mwanao kwenye kiti cha nyuma. Mwanao umemtoa, mzee wa watu umemwacha kwenye usukani! Hapo ndipo nilipoiweka barua chini nikazunguka meza mara mbili.

Najua unachoogopa. Mama mkwe wangu aliniita "wewe" kwa miaka minne, na siku aliyoniita mwanangu nilijifungia jikoni nikalia. Lakini habari za kuiba funguo zitoe kichwani. Ukiiweka kwa siri, kila asubuhi utapita chini ya kibao chake umeinamisha kichwa, na mzee wa kuchora ana macho, ataona.

Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mpigie simu. "Baba, usiwashe gari, nakuja." Basi, mengine usiseme kwenye simu. Chukua spana na fyuzi, nenda. Fungua buti, chomoa waya wa hasi kwanza, halafu ndipo ufungue mdomo: "Baba, hii nilisahau kuiweka. Nilijua, nikaogopa kukuambia." Habari za ndoto usimwingizie, hizo zako. Usijitetee. Mpe tochi akumulikie ukifunga fyuzi, kisha nyinyi wawili mkunje kapeti, mkague waya wote kwa vidole, kutoka nyuma mpaka mbele. Mkeo naye aambiwe leo leo.

Huenda akakichana kibao. Ni haki yake, mkono ni wake. Lakini mtu aliyelalamika kwamba upo na haupo, leo atakuona upo.

Mkimaliza, mwombe akuendeshe mkamchukue mtoto shuleni. Wewe na binti yako kaeni nyuma. Vua viatu, ukanyage kapeti.