Karavani Mbele ya Namba Kumi na Moja

Mtaa wa Haythorpe 11, Moonta
Jumapili, 6 Machi 1994

Mwanangu Merridy,

Habari za huko kambini? Mimi ni mzima, ila goti hulalamika hali ya hewa ikibadilika, nami nimeliambia lizoee. Natumai joto la huko mgodini halijakumaliza, na hao wanaume mia mbili unaowapikia wanakula bila maneno mengi.

Nakuandikia kwa sababu sote wawili tunajua simu zetu huishaje. Huko kwako kuna foleni nyuma yako, huku masikio yangu yamechoka, mwishowe mmoja anapaza sauti na mwingine anakata. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake.

Karavani yako ipo. Iko palepale ulipoiacha Januari, ulipokunywa kikombe kimoja cha chai ukaondoka: gurudumu moja barabarani, jingine kwenye nyasi. Nilijaribu kuiingiza uani, lakini nguzo za banda la gari zimekataa. Umenunua nyumba ya magurudumu ya kulala watu sita, mwanangu, nawe u mmoja. Kila Jumamosi naifuta vumbi. Wapita njia wakiuliza, nawaambia ni ya Merridy, atakuja kuichukua. Sikuulizi lini. Mtu haachi nyumba yake barabarani asirudi, na hilo linanitosha.

Valda wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Tangu mama yako afariki amekuwa akiniletea supu, ingawa chumvi yake ni ya kuhifadhia samaki.

Baba yako

*

Kambini, karibu na Newman
Jumamosi, 2 Aprili 1994

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Barua yako ilifika ikiwa na vumbi jekundu kama kila kitu hapa. Wanaume wanakula, isipokuwa mmoja wa kutoka Queensland anayekataa boga. Amenieleza sababu zake mara tatu nami bado sijazielewa.

Nilisema huenda ningekuja Pasaka, na Pasaka ni kesho na mimi niko hapa nakata nyama ya kondoo. Wameniongezea mkataba hadi Septemba. Ningeweza kukataa, Baba, sitaki kukudanganya. Nilifikiri tu kwamba una utaratibu wako sasa, na nyumba imetulia.

Karavani isikusumbue. Usiifute kila Jumamosi, litazame goti lako. Ikikuzuia njia, niambie.

Msalimie Valda. Mwambie nakumbuka ile chumvi.

Mwanao Merridy

*

Moonta
Jumapili, 17 Aprili 1994

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina hasira kidogo, nayo inanipa nguvu.

Jumatano asubuhi nilikuta kikaratasi kimebandikwa kwenye mlango wa karavani. Herufi kubwa kubwa, hakuna jina: TAFADHALI ONDOA KARAVANI HII BARABARANI. Hebu fikiria. Nimekaa mtaa huu miaka arobaini na moja. Mtu ana jambo nami, mlango wangu uko hatua kumi, anakuja na gundi.

Simjui kwa hakika, lakini namjua. Ni wale vijana waliohamia namba kumi na tatu kutoka Adelaide, Craig Tilbrook na mkewe Leanne. Wamepanda maua ya lavenda mbele ya nyumba na wanataka mtaa ufanane na picha ya kalenda. Kwa hiyo nimeacha kuwaingizia pipa. Unajua mimi kila Jumanne, lori la taka likishapita, huingiza mapipa ya pande zote mbili. Sasa la kwao linabaki nje mpaka jioni, nalo linasema ninachotaka kusema. Valda nimemwonyesha kile kikaratasi. Alikitazama sana, akasema chai inapoa.

Karavani haitoki. Ikiondoka pale, mtaa mzima utasema Merridy harudi.

Baba yako

*

Moonta
Jumapili, 29 Mei 1994

Mwanangu Merridy,

Natumai uko salama, maana sijapata barua. Baridi imeingia, kuni zipo, mwili haujambo.

Mambo yamepanda ngazi. Halmashauri wameniandikia: kuna mkazi amelalamika, na mtu haruhusiwi kuacha karavani mahali pamoja barabarani zaidi ya siku kumi na nne. Akaja afisa, kijana mpole, akachora mstari wa chaki kwenye gurudumu ili ajue kama limesogea.

Nikamuuliza, "Mahali pamoja maana yake nini?"

Akasema, "Pale ilipo, mzee."

"Na nikiisogeza?"

Akafikiri. "Basi itakuwa mahali pengine."

Kwa hiyo kila wiki ya pili nafunga karavani nyuma ya gari, naivuta hatua sita kwenda mbele, na wiki ya pili inayofuata naisukuma hatua sita kurudi nyuma. Afisa anakuja na chaki yake, anatikisa kichwa, anaondoka. Juzi nilimpa keki. Leanne Tilbrook alinisalimu wakati nikirudi nyuma, akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunielekeza. Nikajibu nimeendesha magari tangu kabla mama yake hajazaliwa. Sikugonga chochote, isipokuwa sanduku langu mwenyewe la barua.

Andika, hata kama ni mistari miwili.

Baba yako

*

Kambini
Jumatatu, 20 Juni 1994

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Nilianza barua mbili nikazichana.

Nimesoma habari za chaki na hatua sita. Wenzangu jikoni walicheka nilipowasimulia, nami nilicheka nao, kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia la viazi. Una miaka sabini na sita. Unavuta karavani huku na huku kwenye baridi kwa ajili ya mtu ambaye hata Pasaka hakuja. Sikuileta ikuletee vita na majirani.

Iuze, Baba. Hati nimezitia sahihi, zimo humu ndani ya bahasha. Yeyote atakayeitaka aichukue. Mtaa wako urudi kama ulivyokuwa, na sitakusumbua tena na vitu vyangu.

Usikasirike. Nakutakia afya.

Mwanao Merridy

*

Moonta
Jumapili, 31 Julai 1994

Mwanangu Merridy,

Nilikaa wiki tatu na barua yako bila kujibu. Hati zako ziko chini ya saa ya mezani, sijazigusa. Kisha likatokea jambo, na sasa nina mengi, kwa hiyo weka chai.

Kuna kitu sikuwahi kukwambia. Mama yako alipofariki, Valda alikuja siku moja na masharti. Alisema, "Clarrie, wewe uko peke yako, na mimi niko peke yangu. Kila siku kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, wewe unapandisha pazia la sebuleni, mimi napandisha la jikoni. Likibaki chini, mwenzio anavuka barabara." Basi. Hatukulizungumza tena. Miaka miwili napandisha pazia, natazama ng'ambo, naona lake liko juu, nakwenda kuchemsha maji. Wazee wengi hapa wana mpango wa namna hiyo, hata kama hawausemi.

Karavani yako ilisimama katikati ya dirisha langu na lake. Mbele hatua sita, nyuma hatua sita, bado katikati. Mwanzoni nilitoka hadi getini kila asubuhi nikachungulia. Halafu mvua zikaanza, goti likaanza, nikawa najiambia Valda ana nguvu kuliko mimi. Sema ukweli, Clarrie: niliacha kutazama.

Jumanne tarehe 12, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Ni Leanne Tilbrook, yule ambaye pipa lake nimelinunia miezi mitatu.

"Samahani Mzee Penhall, najua hunipendi sana," akasema, "lakini pipa la Bi Valda Rowse halijatoka leo, na yeye huwa wa kwanza mtaani."

Nilivuka barabara bila viatu. Pazia la jikoni lilikuwa chini. Valda alikuwa sakafuni kando ya jiko, nyonga imevunjika, yuko pale tangu saa kumi na mbili asubuhi. Midomo imekuwa ya buluu. Alinitazama, akasema, "Umechelewa." Nimeambiwa mengi maishani lakini hilo sitalisahau. Leanne alimfunika blanketi, akapiga simu, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika, na mimi nilisimama nimeshika birika la chai lisilo na chai.

Hakufa. Wamemwekea nyonga mpya na tayari anagombana na wauguzi. Siku ya nne nilipokwenda kumwona aliniambia nifunge mlango.

"Kile kikaratasi ni mimi," akasema. "Na barua ya halmashauri, ni mimi pia."

Nikamwambia, "Valda, ungevuka tu barabara ukaniambia."

"Ningekwambia nini? Kila Jumamosi unaifuta ile karavani kama unamwogesha mtoto. Ningekwambia, Clarrie, ondoa hicho kitu unachomngojea nacho binti yako, mimi naogopa kufa bila mtu kujua?" Akageukia ukutani. "Nilitaka afisa ndiye awe mbaya."

Baadaye akasema, "Na geti langu la pembeni lina upana wa mashua ya marehemu mume wangu Alf. Tangu Januari nangoja uniombe."

"Sikutaka kukusumbua."

"Mimi nami sikutaka," akasema.

Ndivyo tulivyo, Merridy. Tunajisifu kwa kutosumbuana. Mtu yuko tayari kuiandikia serikali kuliko kugonga mlango wa jirani. Nimewaza sana tangu siku ile, na nimeona kwamba mimi nawe tumefanya vivyo hivyo.

Karavani iko uani kwa Valda. Craig aliifunga nyuma ya gari langu, Leanne alinielekeza, na safari hii nilifuata maelekezo. Nimewaomba radhi kwa habari ya pipa. Craig hakuwa amegundua. Dada yake Valda atakuja kutoka Port Pirie kumtunza, atalala humo akipenda. Dirisha langu sasa linaona barabara nzima, na mbele ya nyumba pamebaki nyasi za njano za umbo la karavani.

Kwa hiyo sina tena cha kukungojea nacho, na inabidi niseme. Sikuiweka pale kwa ajili yako. Niliiweka kwa ajili yangu, maana iliposimama pale nilikuwa na hakika utarudi bila mimi kuomba. Sasa naomba. Nataka urudi nyumbani. Nimekosa usingizi nikitafuta namna ya kuliandika bila kukubana, na hakuna. Ukisema hapana nitaelewa, lakini ujue uliombwa.

Hati zako nazirudisha humu. Siuzi.

Baba yako

*

Kambini
Alhamisi, 18 Agosti 1994

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Natumai na wewe ni mzima, na kwamba umenunua slipa za kuvukia barabara. Mpe Valda pole, na Leanne shukrani zangu. Nitampa mwenyewe nikimwona.

Barua yako niliisoma nimesimama, nyama ya kondoo ikaungua. Nimeisoma tena kila siku tangu hapo.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Mama, ulikuwa unaosha vikombe, ukasema bila kugeuka, "Usikae hapa kwa ajili yangu." Kesho yake nilikuta godoro langu limekunjwa na chumba kimejaa vikopo vya miche ya nyanya. Sikuuliza kitu. Nilifunga mzigo, na kwa miaka miwili nimejiambia baba yangu anataka nyumba yake. Najua sasa kwamba ulikuwa unanifungulia mlango niende nikaishi maisha yangu. Kwa nini hatukuulizana, hata sijui, lakini naona Valda amekwisha kulijibu.

Na karavani sikuinunua ili nizunguke nchi, kama nilivyokwambia. Nilitaka niweze kuja kwako nikiwa na kitanda changu, nikae nje pale barabarani karibu nawe, bila kukuomba chumba.

Nimewaambia sitaongeza mkataba. Nitafika Jumamosi tarehe 10 Septemba, kwa basi la alasiri kutoka Adelaide. Karavani mwachie dada yake Valda.

Toa nyanya zako chumbani kwangu, Baba. Nitandikie kitanda.

Mwanao Merridy