Uliitika Mlango Ukiwa Umefungwa

Baba Askofu,

Nakuandikia kwa sababu wamenikataza kulisema hili kwa mtu yeyote aliye hai. Kuhusu marehemu hawakutaja chochote, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma maazimio neno kwa neno.

Leo ni Jumamosi. Kesho, mahubiri yakiisha, nitasimama mbele ya waumini kusoma tangazo la baraza la maaskofu, kama nilivyofanya miaka yote niliyokuwa katibu wako. Tangazo lenyewe ni fupi. Linasema kwamba maaskofu wote, kwa kauli moja, wamempumzisha Mchungaji Kolumba wa Madaba kwa ombi lake mwenyewe. Kolumba hakuomba kitu. Ana mke mjamzito na shamba la mahindi ambalo hajamaliza kuvuna, na mpaka sasa ninapoandika hajui kama ameondolewa.

Unamkumbuka. Ndiye aliyeangua kicheko ibadani siku joho lako liliponasa kwenye msumari wa mimbari, na wewe ukacheka kumzidi. Kosa lake safari hii ni kuwaambia waumini wake ukweli: kwamba maaskofu walishakubaliana kuufuta usharika wa Madaba na kuwahamishia watu kwingine, kabla hata ya kuwauliza. Wenzako walikuwa wamepanga kuwaambia mambo yakishaiva.

Tangu tulipokuzika vikao vimebadilika, Baba, hata vile vidogo vya maandalizi. Mapazia yanashushwa mchana kweupe. Simu zinakusanywa kwenye kapu na kapu linafunikwa kitenge, utadhani nazo zina macho. Askofu Mkuu anafunga mlango kwa mkono wake na kutia ufunguo mfukoni. Nikiutazama ule mfuko nakukumbuka kule Namtumbo, ulipobeba kiti chako ukakiweka katikati ya mlango, miguu miwili ndani, miwili nje, ukakaa hapo kikao kizima huku mvua ikikulowesha mgongo. Ulisema, "Sijamzuia mtu. Fungeni tu." Nilicheka mpaka kalamu ikanidondoka. Kifua kilipokushika baadaye, Mama, mkeo, alininunia, eti ningekuhamisha. Kana kwamba yupo mtu aliyewahi kukuhamisha wewe.

Sasa nikueleze ya Jumanne, ingawa nadhani unayajua.

Ulikuwa mkutano wa kwanza wa baraza zima tangu mazishi yako, pale pale ukumbini kwetu Lizaboni. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Matogoro, na ile baridi ya Julai unayoijua. Nilifika kabla ya wote nikapanga viti. Chako nilikiweka mahali pake karibu na dirisha, kama desturi yetu inavyotaka. Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai. Niliporudi kiti kilikuwa mlangoni. Nikajiambia ni mama wa usafi, halafu nikakumbuka kwamba mama wa usafi anaumwa, yuko kwake Mjimwema. Nilikirudisha dirishani. Mbao za pale pa kukalia zilikuwa na joto, Baba, asubuhi ile ambayo vidole vyangu havikuweza kushika kalamu.

Maaskofu watatu waliingia, Askofu Mkuu na wale wa Namtumbo na Madaba, mlango ukafungwa, tukasimama kuita majina. Desturi unaijua kwa sababu uliwahi kuisimamia: jina la marehemu linaitwa la mwisho, mara tatu. Asipoitika, Askofu Mkuu anasema, "Ameitwa kwingine," kiti kinatolewa, na mkutano unafunguliwa. Katika maisha yote ya kanisa letu hakuna aliyejiuliza itakuwaje akiitika.

Nilikuita mara ya kwanza, kimya. Nilikuita mara ya pili, Askofu wa Namtumbo akakohoa. Nilikuita mara ya tatu, nikasikia, "Nipo."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti yako ya asubuhi kabla hujanywa chai, ile yenye mkwaruzo, na ikaja na harufu ya tangawizi uliyokuwa ukitafuna kwa ajili ya koo. Askofu Mkuu alikuwa ameshafungua kinywa aseme maneno yake, akakifunga. Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani. Kiti hakikutolewa. Tukakaa, akasema kwa sauti nyembamba, "Tuendelee."

Wakaendelea kweli. Wanaume hawa, Baba, Mungu anisamehe, wangeendelea hata paa lingeanguka.

Ajenda ilikuwa moja tu, ya Kolumba. Katiba yetu inataka maaskofu wote walioitika majina wakubali, ndipo mchungaji aondolewe. Waliponyoosha mikono nikajikuta nasema jambo ambalo sikulipanga. Nilisema, "Baba Askofu Mkuu, walioitika ni wanne. Mikono ni mitatu."

Kuninyamazisha ilikuwa kazi nyepesi. Mmoja wao angesema tu kwamba hakuna aliyeitika. Nilisubiri aseme. Walikitazama kiti chako kwa mara ya kwanza, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu. Askofu wa Madaba alianza kulia, yeye aliyembariki Kolumba kwa mikono yake. Hatimaye yule wa Namtumbo akasema huenda ni mimi niliyeitika, maana mimi ndiye niliyekuwa nimefungua mdomo.

Neno hilo limenikaa rohoni. Juzi nikiwa peke yangu jikoni nilijaribu kulitamka neno lako, nisikie kama sauti yangu inaweza kuwa ile. Haikuwa. Nikajaribu tena na tena, na safari moja ikawa. Niliacha birika likichemka nikatoka nje uani, nikasimama juani mpaka jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Basi wakakubaliana kwamba yaliyotokea mle yabaki mle. Waliandika lile tangazo, "wote, kwa kauli moja," wakanikabidhi nilisome. Nisipolisoma, Jumatatu nirudishe ufunguo wa ofisi. Kiti chako bado kipo ukumbini kwa sababu hapana anayetaka kukigusa. Wanakwaya sasa wanafanyia mazoezi nje kwenye baridi na wanapiga chafya nyimbo nzima, na hakuna aliyewaambia kwa nini wamekatazwa kuingia.

Nilikwenda kwa Mama. Nilijua nimekatazwa, lakini nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua maharage, halafu akasema, "Kwangu hajaja, hata ndotoni. Kama amepata ruhusa akaenda kwanza kikaoni, basi ni yeye." Akacheka. Akajifunika uso kwa kanga, na sikumsikia akicheka tena.

Nenda kwake, Baba. Kama unaweza kwenda mahali, nenda kwa Mama.

Mimi nimekukasirikia, na sina wa kumwambia zaidi yako. Ulitamka neno moja ukaniachia mengine yote. Jumanne nzima niliona raha kwamba upo, kwamba umewatia hofu, kwamba sasa watafungua. Hawakufungua. Walikuogopa, wakameza mate, wakaandika uongo ule ule, na kalamu iliyouandika ilikuwa yangu. Ndipo nikaona nilikuwa nakusubiri wewe useme, wewe uliyelala kaburini, wakati mimi nilikaa pale na pumzi zangu zote na sikumtaja Kolumba hata kwa neno moja. Nilihesabu mikono tu.

Kwa hiyo kesho sitalisoma. Nitasimama pale pale mbele ya mimbari na kusema Mchungaji Kolumba hakuomba kuondoka, anaondolewa kwa sababu aliwaambia watu jambo linalowahusu. Nitasema nani walinyoosha mikono. Wakiniuliza kama kuna mengine nitawaambia uliitika, waamue wenyewe wataliweka wapi, lakini hilo nitalisema mwisho. Nikilitanguliza watazungumzia sauti yako mpaka mvua za Novemba, na Kolumba watamsahau. Jioni nitapanda basi la Madaba nikamwambie yeye na mkewe kabla hawajasikia kwa watu.

Naogopa, Baba. Sijui Jumatatu nitakuwa nani nikishaiacha ile ofisi.

Pumzika sasa. Umefanya kazi vya kutosha, na hata kufa hukuachwa ufe vizuri. Watakuita tena, kwa sababu kiti hakijatolewa na desturi inawalazimu waanze upya. Nakuomba kwa heshima zote, wakikuita usiitike. Kaa kimya kama marehemu wengine. Nitakuwa nimesimama hapo nje ya mlango na watu wa Madaba, na tutagonga.

Mwanao katika kazi,
Skolastika