Marraine Asiyekula Ngano

Jumatano, tarehe 8 Julai 1987

Nimefika Kindu! Bateau ku ziwa kutoka Bujumbura mpaka Kalemie, halafu treni — na treni ya kwetu tunaijua, inatembea ikipenda. Matako yamekufa. Lakini nimefika. Ilunga, mudogo wangu, alikuwa ku gare na kofia yake ya kazi, analia sawa mutoto. "Yaya! Yaya, umekonda!" Ndiyo, nimekonda. Ungeniona mwaka jana!

Hapa njo nilizaliwa, ku kambi ya reli. Lakini ku mpaka walinipigia muhuri: touriste. Juu ya pasipoti ya Burundi, inchi ya bwana wangu. Touriste! Mimi niliyejifunza kuogelea ku Lualaba hii hii! Haya. Niko ku likizo, ni kweli. Lakini nimekuja zaidi juu ya Tshiela, mutoto wa kwanza wa Ilunga. Jumapili ya tarehe 19 anapata kipaimara, na amenitaja mimi kuwa marraine, musimamizi wake.

Victorine, bibi ya Ilunga, alitandika kitambaa nyeupe. Chai, maziwa ya unga, margarine, na mukate. Mukate murefu, ya moto, ya boulangerie ya Mbusa, ule mufanyabiashara wa Butembo. Muchele kila muntu anao hapa. Mukate njo heshima ya mugeni. Watoto walikuwa wamesimama ku mulango, wanameza mate.

Nikasema: siwezi. Tumbo yangu inakataa ngano. Docteur wa Bujumbura alitafuta sana, mpaka akapeleka kipande ya utumbo yangu Ulaya, jibu ikarudi: ngano. Mukate, biskuti, beignet, makaroni. Hata bia, Primus, maana shayiri na ngano ni ndugu. Nisiguse mpaka kufa. Nikiacha napona, nikila naoza ndani.

Halafu Victorine, na sauti ya upole: "Basi, shemeki, paka margarine mingi, itateleza."

Watoto walikula mukate yote. Wao peke yao njo walifurahi.


Ijumaa, tarehe 10 Julai

Wanaume wa reli walikuja kunisalimia. Primus ku meza, kila muntu na chupa yake. Mimi maji. Mukendi, mukubwa wa Ilunga ku kazi, akauliza ni muntu gani anakunywa maji siku ya furaha. Mwingine akasema kule Burundi wamenigeuza Muislamu. Mwingine, chini chini, akasema waangalie tu namna nimekonda, wanajua ugonjwa ya siku hizi.

Nilisikia! Nikasema kwa sauti: "Hapana Sida, baba. Ni mukate!"

Walicheka mpaka wakakohoa. Wacheke. Nilikula wali yangu na samaki, nikalamba vidole mbele yao, kimoja kimoja.


Jumamosi, tarehe 11 Julai

Naandika nimelala. Tumbo imevimba sawa ngoma. Tangu alfajiri mimi na choo, choo na mimi. Kizunguzungu. Nimekula nini? Bugali na kuku jana usiku, basi! Bugali ya muhogo. Kuku hakuzaliwa na ngano.

Jioni. Nimejua.

Nilimuuliza Victorine pole pole. Akajibu bila haya, hata na kiburi kidogo: aliweka unga nyeupe ndani ya muchuzi, ili iwe nzito sawa ya hoteli. Na ndani ya bugali pia, ili iwe nyeupe. Mugeni wa kutoka inje hawezi kula bugali nyeusi ya kambi, watu watasema nini? Unga gani, Victorine? Unga ya kwa Mbusa. Ya ngano.

"Lakini mukate sikukupa, shemeki!"

Kumbe! Kwake yeye ugonjwa ni ya mukate. Unga bado haijaokwa, bado haina kosa. Yesu Maria! Huyu mwanamuke ananiheshimu mpaka ataniua.


Jumapili, tarehe 12 Julai

Nimeazima mbabula, jiko ya makala, kwa jirani. Makala yangu, sufuria yangu, muchele yangu. Nimewasha inje, katikati ya kiwanja ya lupango, wote waone.

Na wote wameona! Kwa sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa hapa, dada akipika sufuria yake peke yake ndani ya nyumba ya ndugu yake, hakuna haja ya kusema tena neno. Amekwisha kusema: bibi yako ni mulozi, muchawi. Najua hivyo. Nililelewa na desturi hiyo hiyo. Lakini nimepika.

Victorine alilia. Halafu akapiga kelele ili jirani wasikie: "Mugeni, siku ya tatu unamupa jembe. Huyu amejitwalia mbabula!" Watu wakacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, ulimi anao yule. Nilimuhurumia, kweli. Lakini huruma haitanifulia mapagne, vitenge nilivyochafua.

Ilunga hakunisalimia.

Ku misa sikuenda kupokea komunyo. Hostia ni ngano. Bujumbura padri wangu anajua, hakuna anayenishangaa. Hapa benchi yote ilisimama, nikabaki mimi na mama mumoja muzee mwenye magoti mabovu. Nilisikia shingo zikigeuka, nasema kweli, zilikuwa na sauti.


Jumatatu, tarehe 13 Julai

Sasa nina mabwana wawili. Mumoja Bujumbura, mwingine Uvira. Njo sababu sipokei, niko ndani ya zambi. Jirani aliyeniazima mbabula ndiye amenieleza, anacheka. Wa Uvira, nikamuuliza, anakaa mutaa gani? Ni mutajiri angalau?

Nimecheka mbele yake. Nyuma ya mulango sikucheka.

Ilunga aliniita, tukakaa. Alizungumza sawa mukubwa wangu, si mudogo. Kwamba Jumapili mujumbe wa Askofu atakuja mwenyewe. Kwamba wakubwa wote wa reli watakuwa ndani. Kwamba mutoto akipewa Roho Mutakatifu, na marraine wake anakaa ku benchi wakati ya kupokea, ni aibu ya mutoto, maisha yote. Niachie Joséphine nafasi. Joséphine ni dada ya Victorine. Joséphine hana ugonjwa, anakula kila kitu.

"Hiyo naiona," nikasema. Vibaya, najua. Joséphine ni munene. Nimekosa, lakini nimesema.

Sitoki. Mutoto alinitaja mimi.


Jumanne, tarehe 14 Julai

Nimekwenda kwa Abbé Onema, padri wa paroisse. Kijana, muwani kubwa, anaogopa kila kitu. Nilimueleza yote, tangu utumbo mpaka mbabula.

Akasema Muwili ya Bwana haiuwi muntu.

"Najua, Abbé. Lakini Masista wanaoka hostia na unga gani?"

Ya ngano, akasema. Sheria iko hivyo, haiwezi kuwa ya muchele.

Basi nipe divai, nikasema. Akaangalia kabati, akaangalia mulango. Divai ni ya padri, hapa watu hawakuzoea. Na mujumbe wa Askofu ni muzee wa sheria, nisimuingize kwa matata.

"Abbé, ndani ya katekisimu marraine anamusimamia mutoto. Waliandika wapi kama lazima atafune?"

Alicheka! Akaziba kinywa na mukono, lakini alicheka. Halafu akakumbuka kuwa padri. Akasema hawezi kunikataza, na hawezi kunilinda. Nikamushukuru. Nusu ya bugali ni bora kuliko njaa.


Alhamisi, tarehe 16 Julai

Tshiela alikuja kukaa karibu na mbabula yangu. Mama yake amemukataza, akaja. Ananiita tatu mukaji, ile ya Kiluba: baba mwanamuke. Dada ya baba ni baba, hakuna mujadala.

Akauliza kama inaniuma nikiona wengine wanakula mukate. Nikasema harufu yake tu, asubuhi, nikipita kwa Mbusa. Hiyo inaniuma. Hakuna muntu aliniuliza hiyo kabla yake. Hata bwana wangu.

Akauliza tena: nitamuacha? Nikasema hapana. Akachota wali ndani ya sufuria yangu na mukono yake, akala, mama yake anaangalia ku dirisha.


Jumamosi, tarehe 18 Julai

Kisha kumaliza salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, Ilunga alirudi na jembe ku bega, mupole sana. Mupole hivyo, nikajua iko kitu. Akanikalisha. Amepata njia. Nisimame, nipokee sawa wengine, nifunge kinywa. Nisimeze. Nirudi ku benchi, niiname sawa naomba, niitoe ndani ya mushwari, kitambaa ya mukono. Nani ataona?

Ilunga! Mutoto wa mama yangu! Nimubebe Mungu ndani ya mushwari sawa mwizi wa karanga? Nilikuwa karibu kumupiga. Nilikumbuka ana mvi ku kichwa, nikaacha.

Nikamuambia: Tshiela ataona. Kesho anaahidi imani, na mimi nyuma yake natema ndani ya kitambaa. Hiyo njo kumusimamia? Tumbo yangu ni mugonjwa, ulimi yangu ni muzima. Sitadanganya na kinywa hii.

Akasimama. Akasema basi, Joséphine atavaa nguo ya marraine.

Avae!

Halafu, ku mulango, bila kugeuka, akasema: "Yaya, unafikiri mimi sikuogopa nilipokuona ku gare?" Akatoka. Nimelia kidogo. Ananipenda, mupumbavu yule. Nami nampenda. Hiyo haibadilishi kitu.

Nimepiga pasi pagne yangu. Maji ukiyavulia nguo sherti uyaoge.


Jumapili, tarehe 19 Julai

Ndani ya kanisa. Naandika ku magoti. Misa haijaanza: mujumbe wa Askofu alilala Alunguli, ngambo ingine, na bac ya kuvusha watu imekwama ku muchanga. Ni kiangazi, Lualaba imeshuka. Tunangoja. Joto. Watoto wamevaa nyeupe, wameanza kuteleza ku mabenchi. Kwaya imeimba nyimbo zake zote, sasa inarudia.

Benchi yetu: mimi, Tshiela katikati, Joséphine. Ndiyo! Wamemuleta. Pagne mupya, kilemba mukubwa, mafuta ya kunukia. Amenisalimia vizuri, sitaki kusema uongo. Akanong'ona hakutaka, Victorine alimulazimisha. Lakini hakuondoka.

Ilunga iko upande ya wanaume, karibu na Mukendi. Kila mara anafuta shingo.

Honi inje! Amefika. Viatu vyake vimejaa muchanga, muzee maskini.

Injili. Mahubiri murefu, kwa Kifaransa na Kiswahili, mara mbili kila kitu.

Sasa Godefroid, mukatekista, anatangaza. Watoto mustari moja. Kila marraine asimame nyuma ya mutoto wake, mukono ya kuume ku bega ya kuume ya mutoto. Marraine mumoja, mukono moja, amesema, na ameangalia upande yetu. Habari zimefika mpaka kwake.

Tumesimama. Mimi nyuma ya Tshiela. Joséphine naye nyuma ya Tshiela. Tunasukumana na mapagne sawa wanawake ku bomba ya maji. Nilifunga daftari, niiweke ndani ya saki yangu ya mukono. Tshiela akanong'ona, hakugeuza kichwa:

"Tatu mukaji, andika hapa."

Akagonga bega yake. Ya kuume.

Nimeweka daftari hapo, na mukono yangu juu yake. Herufi zinatembea sababu mutoto anapumua. Ilunga amesimama, amenitolea macho. Victorine anamufanyia dada yake alama: sukuma! Godefroid alikuja, akaniambia ku sikio, Mama, maliza kuandika. Joséphine ameinua mukono yake, anaishika hewani, anangoja bega iwe wazi. Mbele yetu wamebaki watoto wachache. Nasikia muzee anauliza majina.

Wanangoja nimalize. Basi simalizi. Mustari unasogea, nasi tunasogea, na naandika, naandika