Mke Wangu Anadhani Nina Hawara, Kumbe Ni Mayai

Mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla miguu haijaniishia na ndoa pia, maana mimi ni fundi wa sofa, miaka hamsini na minne, na mimi na mke wangu tunaishi na virusi vya UKIMWI huu mwaka wa tisa, hilo si siri nyumbani kwetu, kila asubuhi saa moja anaweka vidonge vyangu na vyake kwenye kisahani kimoja, tunameza, tunataniana, maisha yanaendelea, kwa hiyo usije ukadhani hicho ndicho ninachokificha.

Ninachoficha ni mafuta. Walikuja watu wa afya pale karakana wakatupima bure, nikaambiwa lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, imepanda, nikapewa karatasi niipeleke kliniki yangu, sasa mama, nesi wa kliniki yangu na mke wangu ni marafiki wa kufa na kuzikana, nikimwambia leo, kesho mayai ya kukaanga na soseji havitaonekana tena nyumbani kwangu, na mke wangu akishapiga marufuku kitu hata mama yangu mzazi hawezi kukiombea msamaha, basi ile karatasi nikaikunja, nikaisokomeza kwenye sponji ya sofa la mteja, nikapigilia kitambaa juu yake.

Mwenzangu anayepaka vanishi naye ana lehemu, akaniambia usihangaike ndugu yangu, dawa ninayo, akawa ananikatia kidonge kimoja kila tukimaliza kula mchana, nami nikaendelea na mayai yangu kwa raha zangu. Wiki ya tatu mapaja yakaanza kuuma, nikasema ni kubeba masofa, yakafuata mabega, na juzi nimekaa kwenye kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu nikashindwa kuinuka, wakaninyanyua watu wawili, na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana.

Balaa lenyewe ni hili, mke wangu amekikuta kidonge kwenye mfuko wa ovaroli, anakiangalia si cha kisahani chetu, na ananiona natembea kwa kujikokota, akaniuliza kwa ule upole wake unaotisha, "Baba watoto, ni nani huyo anayekuchosha mpaka unameza dawa za nguvu?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza, nikaona afadhali anidhanie nina hawara, atalia yataisha, kuliko ajue la mafuta. Sasa amehamia chumba cha watoto na mayai yenyewe hayanipiti kooni. Nilitaka kuuliza, niache vidonge vya virusi wiki mbili hivi miguu ipumzike, maana nahisi ndivyo vilivyonichosha, bila mke wala nesi kujua?

Fundi wa Miguu Mizito

*

Fundi, marahaba. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye mkojo, hapo nikaacha, nikaipeleka barua yako mbele ya nyingine zote.

Usithubutu kuacha vidonge vya kisahani. Hivyo ndivyo vilivyokuweka kwenye sofa za watu miaka tisa. Vya kuacha ni vya mpaka vanishi, na uviache sasa hivi. Nimemuuliza mfamasia, akaniambia ini ndilo linaloivunja dawa ya lehemu ili itoke mwilini, na baadhi ya dawa za virusi huizuia kazi hiyo. Kwa hiyo kidonge ambacho kwa mwenzako ni kimoja, kwako kinarundikana siku baada ya siku kama umemeza kopo zima. Misuli inavunjika, mabaki yake yanakwenda kuzielemea figo. Ile rangi unayoiona chooni ni misuli yako, baba.

Mwenzako simlaumu sana, maana najua hukumwambia unameza nini asubuhi. Lakini dawa haiazimwi kama nyundo. Yule nesi unayemkimbia angekutafutia dawa ya lehemu inayopatana na ya virusi, maana zipo, na angekupa kwa kipimo chako. Ndiyo, na mayai yangepungua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila sijawahi kuona mtu anayetaka kuumbuliwa na soseji.

Sasa mkeo. Mwanamke aliyepokea habari ya virusi akaiweka mezani mkataniana juu yake, wewe umemwona atashindwa na yai? Na umemwachia aamini kuna mwanamke mwingine. Katika nyumba yenu neno hilo si la kulia likaisha. Huko chumba cha watoto anahesabu hofu ambazo wewe hata hukuzifikiria, na ukimya wako ndio uliompelekea. Hilo limeniudhi kuliko mkojo.

Hospitali ni leo, si Jumatatu, na uende idara ya dharura. Beba vidonge vya kisahani na kile alichokikuta mkeo mfukoni, umwambie daktari umemeza hii na hii pamoja, misuli inauma, mkojo umekuwa mweusi. Usiende peke yako na miguu hiyo. Gonga mlango wa chumba cha watoto useme, "Hakuna mwanamke, ni mayai. Naumwa, nipeleke." Usiongeze neno. Atakutukana njia nzima. Mwache atukane, ilimradi mfike.