Maua ya Kidawa Yalikuwa Amana

Kikwajuni, Unguja
9 Machi 1957

Mpendwa mpwa wangu Muhiddin,

Asalaam alaykum. Kwanza nataka kujua hali yako na ya mkeo Shemsa. Kile kikohozi alichokuja nacho kwenye hitma kimepona? Asiache tangawizi. Na kazi zako za bandarini zinakwendaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umekuwa mwepesi, na chai bado najisahau naipika ya watu wawili.

Mama yako nilikwenda kumtazama Jambiani. Goti linamsumbua akiinuka kwenye mswala, mengine hajambo. Aliniuliza kama jirani yangu Mkubwa amesharudi kutoka kwako Mombasa. Nikamwambia amerudi, na mzigo nimeupata. Zaidi ya hapo sikumwambia.

Mkubwa aliniletea mzigo huo barazani, akaniwekea mapajani kwa furaha. Nikafungua karatasi, nikakuta lori dogo la chuma, jekundu, linang'aa, kama vile vigari vinavyouzwa Darajani kwa watoto wa wenye nacho. Nyuma tupu. Bodi la mbao nililokukabidhi nalo halipo.

"Muhiddin kakutilia rangi mpya," akasema. "Mbao anasema zilikuwa zishaoza."

Nikamshukuru. Mjumbe hana kosa. Nikampa kahawa, naye kwa wema wake akazidi kunisimulia.

"Lakini ungeliona lake yeye, mzee. Gari la shamba hasa, na maua ubavuni kama mkono wa bibi harusi. Wenziwe wanaotengeneza vigari walikusanyika kuonyeshana, wote wakamsifu yeye. Na chini kaandika jina lake."

"Maua kayachora nani?"

"Mwenyewe. Kwani humjui mpwa wako?"

Nikammiminia kahawa nyingine, Muhiddin. Nilidhani nakujua.

Wewe uliketi nasi ukumbini tangu mdogo, ukaona kazi ile inavyofanywa. Mimi nilikuwa nalipiga tupa lori, nikiitoa rangi yake kwa maji ya moto na magadi, kisha naliundia bodi kwa ubao mwembamba wa sanduku la chai, liwe kama magari ya abiria yanayokwenda shamba, Chwaka. Kazi ya rangi ilikuwa ya mke wa mjomba wako, Kidawa. Mkono uliowapamba hina maharusi wa mtaa mzima ndio uliochora maua yale, kwa kijiti cha wanja, huku amebana pumzi. Bodi lile la mwisho alilichora akiwa hawezi tena kuketi bila mto. Litazame karibu na mlango wa nyuma. Kuna jani moja limeburutika. Nilimchekesha, mkono ukateleza. Nilitaka kulifuta, akakataa, akasema, "Liache, gari la shamba halikosi tawi lililonasa njiani."

Hilo ndilo bodi ulilolihamishia gari lako, ukaliandika jina lako.

Siku ya hitma yake uliponiomba lori lile ukawaonyeshe wenzio, nilikuuliza unalichukua kwa njia gani. Hukusema zawadi. Ulisema, "Amana, mjomba. Litarudi kabla ya Ramadhani, kama lilivyo." Watu walikuwa hawajaondoka, na mama yako alikuwa anakusanya misahafu. Neno lile ulilitoa wewe, sikukutia mdomoni. Na Ramadhani hiyo inakuja.

Lingevunjika ningenyamaza. Chombo huvunjika. Lakini nimelitazama lori chini, nimeona ulivyozifungua skrubu moja moja, hata chuma hukukikwaruza. Bodi umelitoa zima, kwa mkono wa taratibu, kama nilivyokufundisha. Ndipo nikajua hukukosea. Ulikusudia. Na Mkubwa, mtu mwema, ukampa uongo aubebe mpaka barazani kwangu.

Kaburi la Kidawa lina jiwe tu, kama desturi yetu. Hana mtoto wa kumtaja. Anayeyaona maua yale huuliza ni ya nani, na jibu la swali hilo ndilo lililombakia hapa duniani. Wewe umelijibu kwa jina lako, yeye hajatimiza mwaka kaburini.

Sitaki uniombe radhi, wala sikutishi. Naliomba bodi. Usilitie posta, na usimpe msafiri. Njoo nalo mwenyewe, uliweke mkononi mwangu. Lakini kabla hujaondoka huko, wakusanye wale wenzio waliokusifu, uwaambie maua ni ya Bi Kidawa wa Kikwajuni. Na jina lako pale chini usijaribu kulifuta. Mafuta ya taa yatapenya, yatakula rangi yake. Liache lilivyo, nitalitoa mimi polepole.

Mama yako hatajua kwangu. Kama atajua, ajue kwako.

Lori jekundu nimelihifadhi, ni lako ukilitaka. Chumba chako kimefagiliwa, na ukifika utakula tutakachokula.

Mama yako anakusalimu sana, na Mkubwa pia. Msalimie Shemsa, na jirani yenu Msabah aliyetutumia salamu za rambirambi. Mwenyezi Mungu akulindie afya yako na ulimi wako, na aturuzuku sote kuufikia mwezi mtukufu tukiwa na nyoyo safi.

Ni mimi mjomba wako, ambaye kukupenda hajaacha,

Borafya Silima

Ukisimama kwenye sala, mkumbuke Kidawa, na mimi unikumbuke.