Kofia za Bacha

Garissa, Jumatatu

Mke mwenzangu Wangeci,

Asalaam aleikum. Hunijui. Mimi ni Mulki, mke wa kwanza wa Abdow. Huku ni salama, joto tu, na majirani wananicheka: nani anafuma sweta Garissa?

Mkono wangu ni mzito. Sweta ya Abdow, ya kuvaa akija kuuza ng'ombe huko kwenu Nyahururu, niliifuma miaka miwili na bado ilibaki mkono mmoja. Vitu vidogo ndivyo naviweza. Kofia ya mtoto namaliza kwa siku nne.

Mwezi jana alinipigia simu, akataka kofia mbili za "bacha" wa rafiki yake. Sisi huongea Kisomali, ulimi wetu hauna p, na mapacha tunawaita mataano. Neno la Kiswahili kama hilo mume haokoti sokoni. Nikamuuliza mama yao ni nani. Akakutaja.

Nililia siku moja. Ya pili nikashika sindano.

Kofia ndizo hizi. Zifue kwa maji baridi. Uzi sikununua, nimeifumua sweta yake. Ndugu za wanangu wasipigwe na baridi. Baba yao ni mtu mzima, atavumilia.

Dada yako mkubwa,
Mulki