Wale Wanormani Wako na Shamba la Werugha

Kaka Mwadime,

Leo ni Ijumaa. Madam na watoto wameenda kwa mama yake, nami nimebaki peke yangu kwenye jumba hili la Rawda, hapa Jeddah, na rundo la kanzu za baba mwenye nyumba zikingoja pasi. Nimepiga nne, nikaizima pasi, nikaketi. Nina jambo la kukuambia na najua hutalipenda. Nimelizungusha kichwani tangu mwezi uliopita. Ungekuwepo ungesema nianze mwanzo, nisirukeruke. Haya, mwalimu, naanza mwanzo.

Mazishi yalikwenda vizuri, ila ulichelewa. Kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini, alikuwa safarini, na bila sahihi yake hakuna aliyethubutu kuutoa mwili wako Riyadh. Ulikaa wiki saba kwenye friji ukingoja karatasi, wewe uliyekuwa ukiwafungia lango wanafunzi waliochelewa dakika tano. Mimi sikuja. Madam alikuwa na kichanga cha miezi michache, kila nikimwomba ananiambia baadaye, Mghoi, baadaye. Nilikuzika kwa simu, nimeegemea mashine ya kufulia. Mdogo wetu Mwakio ndiye aliyekuwa akipiga video huku akisukumwa na watu, kwa hiyo niliona matope na viatu vyao zaidi ya jeneza. Binti zako wawili walisimama mbele. Wakesho alikuwa amemshika Mkawasi bega, na hakulia. Amekuwa mrefu, jameni, amekupita.

Nililia mimi kwa niaba yake. Madam akaja akanikuta, akakaa chini sakafuni kando yangu na kichanga chake. Nakuandikia hili kwa sababu ulizoea kusema hana moyo.

Mlinzi mwenzako, yule Mkamba uliyedai anakoroma akiwa macho, alikusanya vitu vyako akampa dereva wa basi. Nilivipokea mtaa wa Sharafiya hapa Jeddah, nje ya duka la simu, watu wakinipita na mifuko yao. Miaka sita ya kulinda lango la watu na begi lenyewe nililibeba kwa mkono mmoja. Sare mbili, miwani, Biblia, na kile kitabu chako kisicho na jalada.

Mara ya kwanza kukiona kilikuwa kwapani mwako. Unakumbuka? Madam alinichukua Riyadh kwenye harusi ya binamu yake, wakanipa saa moja ya kupumua, ukanikuta soko la Dirah karibu na wauza manukato. Miaka miwili katika nchi moja na hatujaonana! Badala ya kuniuliza habari za nyumbani, ukaniambia umekiokota kwa muuza vitu vya mitumba, na kwamba kinaeleza ukoo mmoja wa kimwinyi wa Wanormani, toka ulipoanza hadi ulipokwisha. Nikakuuliza Wanormani ni watu gani. Ulifurahi kuulizwa! Saa yetu yote ikaishia hapo, tumesimama na sambusa zinapoa mkononi, na niliporudi garini nilikuwa sijakuambia hata kwamba nimekonda.

Tangu siku ile kila Ijumaa nilipata ujumbe wako wa sauti, kizazi kimoja kwa Ijumaa moja, nami nikikusikiliza hapa hapa kwenye pasi. Babu yao wa kwanza hakuwa kitu. Alikuwa na kilima kimoja kule Normandi, Ufaransa ya leo, ngome ya miti, na farasi uliyeapa kwamba alikuwa na mbavu za kuhesabika. Mtawala wao alipovuka maji kwenda kuiteka Uingereza, akavuka naye, na vita vilipokwisha alikuwa na ardhi ng'ambo zote mbili. Mwanawe akang'oa miti akajenga kwa mawe. Mjukuu akala meza moja na mfalme. Halafu mfalme wa Uingereza akanyang'anywa Normandi, na kila mwenye ardhi huku na huku akatakiwa achague bwana mmoja. Hawa wako wakavutavuta siku, wakitaka kote kuwili, na kilima cha babu kikawaponyoka. Ulisema wanafanana na sisi, mguu mmoja kwetu na mmoja ugenini.

Bwana wao wa mwisho alizaa mabinti watatu tu. Ulinifafanulia desturi yao kama uko mbele ya kidato cha tatu: mvulana akiwepo, mkubwa huchukua yote; wasipokuwepo wavulana, mabinti hugawana sawa. Na kwa kuwa hawa walikuwa wadogo, mfalme aliwaweka chini ya mlezi, mtu baki, anayekula mavuno yao na kuamua waolewe na nani, wala hawatoki bila idhini yake. Nikakujibu, si useme tu walikuwa na kafili. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kicheko kile ninacho kwenye simu.

Wawili wakaolewa, na mafungu yao yakaitwa kwa majina ya waume. Wa tatu akakataa, akalishikilia fungu lake hadi uzeeni. Huyo ndiye niliyetaka habari zake. Aliishi na nani? Alilimaje? Ukaniambia kitabu kimempa mistari miwili, basi, na kwamba hapo ndipo ukoo ulipokwisha. Nikakuuliza umekwishaje na watu watatu wako hai, wanakula na kulala kwenye ardhi ya baba yao. "Jina, Mghoi," ukasema. "Ukoo ni jina." Tulibishana Ijumaa tatu nzima kuhusu wanawake waliokufa zamani hizo. Uliniita mbishi wa kuzaliwa. Nikakuita mzee wa baraza.

Ijumaa ya nne ukatuma ule ujumbe. Najua unaukumbuka, lakini nauandika ili usije ukasema nimekusingizia. Ulisema: "Mimi nikiondoka, shamba la Werugha lichukuliwe na Mwakio. Ana wavulana. Wasichana wataolewa, na jina la baba lisipotee kama la hawa watu."

Nilikasirika, kaka. Nilikasirika hasa. Wasichana wale walifiwa na mama yao wakiwa hawajui kufunga viatu, wanalelewa na Mama yetu, na kila wanachokijua kuwa chao kiko kwenye lile shamba: parachichi, kisima, kaburi la mama yao. Nikaona nikikujibu siku ile nitakutusi. Nikanyamaza siku mbili, kisha nikakutumia picha ya kichanga cha madam kama vile sikusikia. Nilidhani tuna Ijumaa nyingi. Baada ya wiki mbili Mkamba wako akanipigia kwamba umeanguka langoni, na moyo umesimama kabla gari la wagonjwa halijafika.

Sasa ndilo jambo lenyewe.

Mwezi uliopita Mama, Mwakio na wajomba walikutana nyumbani kuandika orodha ya warithi ya kumpelekea chifu. Wakanipigia, wakaiweka simu mezani, ninawasikia wote. Mwakio hakuwa na ubaya, usimfikirie vibaya. Amelilima lile shamba miaka yote hii, na wanao anawalisha pamoja na wake. Akauliza kwa upole tu. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye. Kaka aliacha neno lolote?"

Nilikuwa na simu mkononi na sauti yako ikiwa ndani ya simu hiyo hiyo. Ningebonyeza tu. Nikawaza kusema mawazo yangu mwenyewe, kwamba wapeni watoto haki yao, sheria yenyewe inawatambua. Lakini nawajua wale wajomba. Wangenisikiliza kwa adabu, wakaniambia asante binti yetu, wakaendelea. Neno langu huko ni la mtu wa kutuma nguo za watoto. Neno lako ni neno la mwalimu.

Nikasema, "Aliniambia shamba ni la Wakesho na Mkawasi."

Nikasikia Mama akisema kwa sauti ndogo, kama amesema hivyo basi halas, yaani imekwisha, neno aliloliokota kwangu, na wewe ungecheka. Mwakio akasema kama ni neno la kaka hana la kuongeza, na akaomba tu aruhusiwe kuendelea kulilima kwa niaba yao mpaka wakue. Hakubisha hata kidogo. Angebisha ningepata nafuu. Aliniamini papo hapo, na nikakata simu nikaenda kuosha bafu ambalo nilikuwa nimeshaliosha.

Basi ndiyo hivyo. Nimeweka kinywani mwako neno usilolisema, tena baada ya kufa, wakati huwezi kunijibu. Nimekuwa nikingoja nione aibu vya kutosha nikawaambie ukweli. Aibu ninayo. Lakini kila nikiinua simu namwona Wakesho kwenye matope, na mkono wake kwenye bega la mwenzake, na simu naiweka chini. Najuta kwamba nilikusingizia. Sijutii walichokipata. Ungekuwa hai tungebishana hadi mmoja wetu achoke, na nafikiri, kaka, safari hii ungechoka wewe, kwa sababu uliwapenda wale watoto kuliko ulivyolipenda jina.

Ujumbe wako sitaufuta. Mkataba wangu unaisha baada ya Ramadhani, na madam ameshaahidi mbele ya mumewe kwamba nitapewa karatasi ya kutoka. Nakuahidi hivi: siku hatimiliki itakapotoka ina majina ya wanao wawili, nitawakusanya wote, Mama, Mwakio na wajomba, niwasikilizishe sauti yako yote mpaka mwisho, niwaambie yale mengine yalikuwa ya Mghoi. Wanitukane mimi. Wewe uliyasema yako wazi, hukumdanganya mtu.

Mpaka siku hiyo nivumilie, unibebee uongo wangu. Lala, kaka yangu.

Mdogo wako mbishi,
Mghoi